Kisu au kawaida? Kisa cha mama mwenye VVU na majibu yaliyochelewa

Alikuja kliniki ya wajawazito mimba ikiwa na wiki 37. Alikaa benchi la nyuma kabisa, na zamu yake ilipofika hakutaka kupanda kitandani kupimwa tumbo. Alitaka tarehe. "Sista, niandikieni siku ya kupasuliwa," alisema.

Hakuwa na kovu la upasuaji. Mtoto alikuwa ametanguliza kichwa, presha nzuri, damu ya kutosha, na nyonga yake ilishapitisha mtoto wa kilo 3.4 miaka minne nyuma. Sababu yake ilikuwa moja tu: anaishi na VVU, na hakutaka mtoto akutane na virusi njiani.

Jina simpi. Kisa chenyewe nimekishona kwa vipande vya akina mama kadhaa, kwa hiyo mtu asimtafute. Ila swali lake naulizwa mara nyingi, tena na wahudumu wenzangu, na jibu lake si jepesi kama wengi wanavyodhani.

Kopo lenye kelele

Ana miaka 31, anauza samaki wa kukaanga mnadani, mahali fulani Kanda ya Ziwa. VVU viligundulika kwenye mimba ya kwanza. Akaanza dawa, akajifungua kwa njia ya kawaida, mtoto akafuatiliwa mpaka kipimo cha mwisho na yuko salama. Kadi yake ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ya miaka ile inapendeza kuisoma: mahudhurio hayana pengo, virusi vimefubaa.

Halafu akahamia ukweni. Mume anajua hali yake, naye yuko kwenye dawa, lakini muda mwingi yuko visiwani kwenye dagaa. Nyumbani ni mama mkwe, wifi, na pazia linalogawa chumba. Kopo la vidonge lina tabia mbaya, ukiligusa tu linatangaza. Akaanza kuruka siku, siku zikawa wiki, mwisho akaacha kabisa kwa miezi kama mitano. Aliporudi alikuwa mjamzito wa wiki 22, na kipimo cha wingi wa virusi kikatoka kopi 12,400 kwa kila mililita ya damu.

Hapo ndipo njia ya kujifungua ilipoanza kuamuliwa, ingawa hakuna aliyelitambua hilo siku ile. Wengi huwaza suala hili wiki ya 36 au 37, mzigo ukiwa umeshafika mlangoni. Virusi vinavyomsubiri mtoto kwenye leba ni matokeo ya vidonge vilivyomezwa au kutomezwa miezi mitatu nyuma. Alirudishwa kwenye TLD, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, akapewa ushauri wa kina wa ufuasi kila mwezi. Msaada mkubwa lakini haukutoka kwetu. Mama mwenzake anayetumia dawa, aliyekuwa akisaidia kliniki, ndiye aliyemwambia: jaza pamba kwenye kopo halitalia tena, kisha liweke chini kabisa kwenye kapu la samaki, mama mkwe hawezi kulipekua lile kwa harufu yake. Kuanzia hapo hakuruka hata siku moja, au angalau ndivyo vidonge vilivyobaki vilivyosema kila tulipovihesabu.

Ushauri kutoka London

Sasa tuje kwenye hofu yake. Mama yake mdogo anaishi London tangu miaka ya 1990. Naye ana VVU, na mwaka 2001 alijifungua huko kwa upasuaji uliopangwa. Mtoto yule leo ni kijana mzima asiye na virusi. Aliposikia mpwa wake ni mjamzito, akapiga simu: usikubali wakuzalishe kawaida, waambie wakupasue kama mimi.

Daktari wetu kijana, aliyekuwa mwaka wake wa kwanza kazini, aliposikia hayo hakubisha. Alikuwa amesoma kwenye simu kuwa Marekani mjamzito mwenye zaidi ya kopi 1,000 karibu na kujifungua hupangiwa upasuaji wiki ya 38. Rekodi pekee tuliyokuwa nayo mkononi ni ile ya 12,400. Kwa karatasi ile, kijana alikuwa na hoja.

Mama mdogo wa London naye hakukosea. Mwaka 1999 lilichapishwa jaribio la Ulaya ambalo akina mama wenye VVU waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapasuliwe wiki ya 38 kabla ya uchungu na kabla chupa ya maji ya uzazi haijapasuka, wengine wasubiri kujifungua kwa kawaida. Waliopangiwa upasuaji, watoto 1.8 katika kila 100 waliambukizwa, wakati kundi la pili walikuwa 10.5. Tofauti kama hiyo huwezi kuipuuza. Mwaka huohuo uchambuzi uliojumlisha tafiti 15 ulionyesha kwamba upasuaji wa kupanga unapunguza maambukizi kwa karibu nusu, hata kwa wanaotumia dawa. Madaktari wa Ulaya wakashika visu, na mama mdogo akawa mmoja wa walionufaika.

Lakini dawa ya zama zile, kwa wengi, ilikuwa zidovudine peke yake. Ilisaidia, maana jaribio la Marekani na Ufaransa la 1994 lilionyesha imeshusha maambukizi kutoka watoto 25.5 hadi 8.3 katika kila 100, ila ilibakiza virusi vingi kwenye damu na kwenye majimaji ya njia ya uzazi. Tumbo linapobana wakati wa uchungu, damu kidogo ya mama huweza kupenya kwenye kondo na kuingia kwa mtoto. Mtoto anaposhuka, macho, pua na mdomo wake hulowa damu na ute. Kumpasua mama kabla ya uchungu kulikuwa njia ya kuyakwepa yote mawili. Dawa za sasa zinafanya kazi upande mwingine kabisa: zinaviondoa virusi kwenye yale majimaji, na mtoto anapita njia ileile isiyo na wa kumdhuru, au wapo wachache mno.

Kwa hiyo kabla sijauliza mjamzito ana virusi gani, nauliza viko wapi na ni vingapi saa ile mtoto anapopita. Kwa mama yetu sikuweza kujibu.

Sampuli iliyopotea

Damu ya kurudia kipimo ilichukuliwa wiki ya 34. Wiki tatu baadaye majibu hayajarudi. Tulipiga simu maabara, tukaambiwa subirini, tukapiga tena, tukaambiwa sampuli haionekani kwenye daftari. Nani kakosea, mimi sikujua na wala haikusaidia kujua.

Daktari akasema tumpangie Jumatatu, tusicheze na maisha ya mtoto. Mkunga mzee wa wodi, mwenye miaka karibu 30 ya kuzalisha, akasema neno moja tu: "Kovu." Akanyamaza. Ilinibidi mimi nimalizie.

Mama huyu anaishi zaidi ya kilomita 40 kutoka chumba cha upasuaji kilicho karibu, barabara ya vumbi, na anataka watoto wengine wawili. Ukimpasua leo, mimba ijayo atakuja na kovu kwenye mji wa mimba. Uchungu ukimshika usiku wa mvua akachelewa kufika, kovu laweza kuachia, na hapo tunazungumzia maisha ya wawili. Kondo kujishikiza kwenye kovu ni hatari nyingine, nayo huongezeka kwa kila upasuaji. Na upasuaji wenyewe si mchezo kwetu. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa 2019 ulikuta akina mama waliofariki baada ya kupasuliwa kujifungua ni zaidi ya 5 katika kila 1,000, karibu mara 50 ya nchi tajiri, kwa kuvuja damu na kwa matatizo ya dawa ya usingizi. Jaribio la 1999 lilipima faida ya kisu mahali ambapo kisu ni salama zaidi. Mizani ya London haina uzito sawa na ya kwetu hata kama kilichowekwa juu yake ni kilekile. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumpasua mama kwa sababu ya VVU tu.

Hata hivyo sikutaka kumjibu daktari kwa mwongozo pekee. Mwongozo huo unasimama juu ya dhana kwamba mama anatumia dawa na dawa zinafanya kazi, na sisi tulikuwa na mama mwenye kopi 12,400 na neno lake. Upande wake kulikuwa na kidonge. Jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini liliwafuata wajawazito walioanza dawa wakiwa wamechelewa kabisa, miezi mitatu ya mwisho. Kufikia kujifungua, 74 katika kila 100 wa kundi la dolutegravir walikuwa chini ya kopi 50, dhidi ya 43 wa dawa ya zamani ya efavirenz. Wengi wao walikuwa na muda wa wiki nane hivi tu. Wa kwetu alikuwa na wiki 15. Hesabu ilimpendelea, lakini hesabu ya kundi si karatasi ya mtu.

Tukakumbuka GeneXpert. Mashine ile wengi wanaijua kwa kifua kikuu, lakini ikipata katriji yake hupima na wingi wa VVU, na majibu hutoka chini ya saa mbili. Hospitali ya mkoa walikuwa nayo. Sampuli ikasafiri na gari la wagonjwa lililokuwa linapeleka rufaa nyingine, na kesho yake mchana simu ikaita: kopi 68.

Namba hiyo ilizua mjadala mwingine, tena mzuri. Kwa Wamarekani, 68 iko mbali chini ya 1,000, ajifungue kawaida. Kwa Waingereza, walio wakali zaidi, chini ya 50 ni kawaida bila maswali, 400 kwenda juu ni upasuaji, na katikati pale unatazama namba inaelekea wapi, dawa zinamezwaje, na mama mwenyewe anasemaje. Yetu ilitoka 12,400 ikaja 68, ikiteremka kama mtu anayeshuka mlima. Daktari kijana ndiye aliyefunga faili. Sikumsikia akilalamika, na ukweli ni kwamba bila yeye kushikilia Jumatatu, pengine tungeendelea kusubiri sampuli iliyopotea.

Tulipomweleza mama, aliuliza, "Kwa hiyo mama mdogo kanidanganya?" Hapana, nilimwambia, alikuambia kilichomwokoa yeye mwaka ule. Akafikiri. "Basi na mimi nimpigie nimwambie dawa zimebadilika." Akachukua begi lake. Tarehe aliyoitaka hakuipata.

Usiku wa leba

Alirudi wiki ya 39, saa 4 usiku, mama mkwe kambebea kanga na beseni. Njia ilikuwa imefunguka sentimita 5, chupa haijapasuka, mapigo ya mtoto 140.

Kabla ya yote mkunga mzee akawasha taa akamkagua mlango wa uke vizuri. Hatua hii wengi huiruka. Anayeishi na VVU mara nyingi hubeba pia virusi vya herpesi, vinavyoleta malengelenge na vidonda sehemu za siri, na hivi ndivyo virusi ambavyo leo vina nguvu kuliko VVU katika kuamua mama ajifunguliaje. Mama akiambukizwa herpesi kwa mara ya kwanza wiki za mwisho za mimba, mwili wake haujawahi kutengeneza kinga ya kumpa mtoto, na akijifungua kawaida hatari ya mtoto kuambukizwa ni takriban 40 katika kila 100. Herpesi kwa mtoto mchanga hushambulia ubongo na ini, inaua. Huyo apasuliwe. Aliye nayo zamani na vidonda vimerudi tu, hatari haizidi 3 katika 100, na hapo nchi zinatofautiana: Wamarekani wakiona kidonda wakati wa uchungu wanapasua, Waingereza wanamwachia mama achague. Virusi vilevile, kidonda kilekile kwa macho, uamuzi tofauti kwa sababu ya lini vilimwingia. Acyclovir, dawa ya herpesi, kuanzia wiki ya 36 hupunguza vidonda kurudi. Mkunga hakuona kidonda wala lengelenge, na mama alipoulizwa kuhusu kuwashwa au kuchonyota alisema hapana.

Homa ya ini B alishapimwa, hana. Angekuwa nayo isingebadilisha njia: mtoto wa mama huyo analindwa na chanjo ndani ya saa 24, na tenofovir kwa mama ambaye virusi vyake ni vingi, dawa ambayo huyu alikuwa akiimeza tayari ndani ya TLD. Homa ya ini C nayo haihitaji kisu. Wala UVIKO, isipokuwa mama akishindwa kupumua. Namaliza hapo maana usiku ule hayakuwa na kazi.

Leba ilikwenda polepole. Saa 8 usiku, saa nne tangu alazwe, alikuwa sentimita 7, grafu ya maendeleo ya leba imevuka mstari wa tahadhari. Hapa mkono wa mzalishaji huwasha: ipasue chupa, mambo yaende. Kwa mama wa kawaida ni jambo la kila siku. Kwa mwenye VVU chupa ni ukuta, na kabla ya dawa za sasa ilijulikana kwamba kila saa moja baada ya ukuta kubomoka huongeza hatari iliyokuwepo kwa takriban asilimia 2 yake. Kwa kopi 68 hesabu hiyo karibu haina uzito, lakini hatukuwa na sababu ya kubomoa. Tukamtembeza, tukamnywesha chai, tukasubiri.

Chupa ikapasuka yenyewe saa 8 na nusu, maji meupe. Daktari akaja mbio akauliza kama sasa twende chumba cha upasuaji. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo ninalotaka wanafunzi walishike: upasuaji unaomkinga mtoto na virusi ni ule wa kabla ya uchungu na kabla ya chupa. Ukishafika hapa tulipo, kinga hiyo imekwisha au imebaki chembe, na unabaki na hatari zote za upasuaji wa dharura. Mama huyu angepasuliwa usiku ule kwa sababu zinazompasua mama yeyote, mapigo ya mtoto kuyumba, kichwa kukwama, damu. Mapigo yalikuwa 136. Tukamwacha.

Saa 10 na dakika 40 alfajiri alizaa mtoto wa kike, kilo 3.1, akalia kabla hajatoka mabega. Hatukumwongezea njia, hatukutumia vakyumu ya kumvuta kichwa. Kitovu tulikikata baada ya dakika moja na zaidi. Bado nakutana na wakunga wanaokikata harakaharaka mama akiwa na VVU, wakiamini wanamwokoa mtoto, kumbe Shirika la Afya Duniani linasema acha damu impitie kama mtoto mwingine yeyote. Akapanguswa, akawekwa kifuani, akanyonya ndani ya saa moja, akaanza nevirapine ya maji ya wiki sita, dawa ya kumkinga na VVU. Angekuwa mama amejifungua na kopi zaidi ya 1,000, mtoto angepewa dawa zaidi ya moja na kwa muda mrefu zaidi, tena hata kama angetolewa kwa kisu. Kisu hakifuti deni la mtoto la dawa.

Wiki ya sita walirudi. Tone la damu ya kisigino likapelekwa, majibu safari hii yakaja kwa wakati: hakuna maambukizi. Vipimo vingine bado vipo, maana ananyonya, na titi nalo ni njia. Mama mwenyewe alipimwa tena, chini ya kopi 50.

Nikamuuliza vidonge anaviweka wapi siku hizi, kwa kuwa mnadani haendi na kapu limepumzika. Akacheka. Mama mkwe aliiona ile dawa ya maji ya mtoto akauliza ni ya nini, na yeye akachoka kutunga. "Anavyo yeye," akasema. "Kila saa 3 usiku ananiletea na maji."